Mwanangu Ameandikwa Marui

Niliishia darasa la nne na sijawahi kuomba radhi kwa hilo. Nyumba yangu ya Visiga nimeijenga kwa tofali nilizofyatua mwenyewe. Kuta za viwanda vya Zegereni, ukizigonga, nyingi ni mkono wangu, ingawa siku hizi walinzi wa getini wananiuliza, "Mzee, unamtaka nani?" Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anaongea na mtu wa namna gani. Kubembeleza watu sikuzoea.

Nyumba ina vyumba vitano na tunalala wawili, mimi na mwanangu. Mama yake alishatangulia. Mungu alitupa huyo mmoja tu, na huyo mmoja sasa ana ndevu, mimi ndiye ninayemnyoa. Maneno yake mwenyewe hana, ana ya watu. Gari la dawa ya kunguni likipita na spika yake, jioni nzima utamsikia: "Mende, kunguni, viroboto, panya," kwa sauti ileile ya jamaa wa kwenye spika, hadi ile mikwaruzo yake. Ukimuuliza umekula, atakujibu umekula. Zamani walisema karogwa. Wengine wakasema mama yake alivunja mwiko, na yule mwanamke alikufa na maneno hayo kifuani. Neno usonji nimelisikia uzeeni, redioni. Nilifurahi kidogo. Kitu kikiwa na jina unaweza kwenda mahali ukakiulizia.

Nikirudi kutoka kazini nasimulia mwenyewe. "Saruji imepanda tena," namwambia. Naye anasema, "Imepanda tena." Mpita njia atadhani humo ndani kuna mazungumzo.

Kilichokuwa kinaninyima raha si hayo, maana hayo nimeyazoea. Ni kwamba mvua za masika zilizopita nilianguka uwanjani kwangu, katikati ya tofali mbichi, nikalazwa. Dada yangu mdogo alikuja kutoka Marui, huko Kisarawe, akamchukua mwanangu akakaa naye mpaka nilipotoka. Nikiwa kitandani pale nilijiuliza swali moja tu. Nikifa, nani? Sikupata jibu, na tangu hapo nikawa nalitafuta.

Ndipo ukaja ule mpango. Wageni kutoka nje, nchi mbalimbali, walikuwa wamekubaliana na serikali wapange pamoja namna ya kuwahudumia watu wenye usonji. Wataanzia Kibaha na Kisarawe. Kwanza wapite nyumba kwa nyumba wawaandike, halafu wale waliofundishwa na wageni wawe wanawafuata majumbani mwao, na mwisho wageni waondoke, kazi ibaki kwa watu wetu. Nikasema haya, jibu langu hili limekuja. Nikasubiri. Majirani wakaandikwa nani ana kifafa, nani haongei. Kwangu kimya.

Walipoitisha mkutano wa kutoa majibu, pale Kibaha, nilivaa shati langu la kitenge nikaenda kukaa mbele. Mgeni mmoja, mama mwenye mvi, alizungumza muda mrefu na mkalimani akamfuata kwa nyuma. Watoto hivi, watoto vile. Nikanyoosha mkono.

"Naomba kuuliza. Hao watoto wakiota ndevu mnawapeleka wapi?"

Ukumbi ukacheka. Yule mama akasubiri atafsiriwe, naye hakucheka. Akasema watu wazima nao wamo, lakini wamepatikana wachache, na kwamba nimeuliza jambo ambalo hata kwao halijakaa vizuri. Nikampenda kwa hilo.

"Basi mimi ninaye mmoja," nikasema. "Visiga. Kwangu hamkufika."

Akasimama binti mmoja wa ustawi wa jamii. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Ile nyumba yenye geti la kijani? Baba, tulifika. Tukapiga hodi. Tukasikia na mwenzetu anapiga hodi upande wa uani. Sisi hodi, naye hodi. Tukaambiana, basi wenyewe hawapo, na hawa nao ni wageni kama sisi. Tukaondoka."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Jamaa nyuma yangu akasema, "Wageni kwa wageni!"

"Huyo aliyekuwa anapiga hodi ndiye mwanangu," nikasema.

Wakaacha kucheka, wakaanza kunitazama. Bora wangeendelea kucheka.

Mkutano ulipoisha yule binti alinifuata nje, uso umemshuka. Akataka nimweleze mwanangu yukoje ili amwandike. Nikamweleza. Nilipofika kwenye mende na kunguni akaniangalia.

"Baba, huyu mbona kama tunaye? Marui, kwa mama mmoja hivi. Alituambia mwanawe yuko hivyohivyo. Tulitaka kumwona, akasema amekwenda kwa baba yake Visiga."

"Mkaelewaje?"

"Tukajua ni... samahani baba. Tukajua mmeachana."

Nimeishi miaka yote hii, sikutarajia kuja kupewa talaka ya dada yangu. Nilitaka kucheka, hasira ikawahi.

Kesho yake nikapanda pikipiki hadi Marui, nikafika mweupe kwa vumbi. Dada yangu alikuwa anapukuchua mahindi barazani.

"Shikamoo kaka. Mbona hujatoa taarifa?"

"Marahaba. Wewe umezaa lini mtoto wa kiume?"

Hakuuliza ninasema nini. Aliendelea na hindi lake mpaka likabaki gunzi. "Waliniuliza, mama, una mtoto mwenye hali hii? Nikasema ninaye. Uongo uko wapi? Mtoto wa kaka yangu nimwite mtoto wa jirani?"

"Hukai naye."

"Ulipolazwa alikaa na nani? Na tofali?"

"Nimemjengea nyumba mimi. Vyumba vitano."

"Vyumba vitano!" akasema. "Vyumba vitajua kumkorogea uji? Kaka, wewe unajenga kama vile ukuta utakuja kuamka asubuhi umwogeshe. Hebu kaa. Kunywa maji kwanza, unagomba na koo kavu."

Nikakaa, nikanywa. Akanionyesha chumba. Alikuwa amekisakafia tangu ile mvua, akakiwekea kitanda na chandarua, dirisha linaangalia mihogo. Hakuniambia. Kwa muda wote niliokuwa natafuta jibu mikutanoni, alikuwa analisakafia.

Yule binti alinipigia simu baadaye. Akasema wamepanga kuanza na Kisarawe, upande wa Marui, kwa kuwa huko waliopatikana ni wengi na wako karibukaribu. Kibaha itafuata, lini hajui, inategemea wageni na wizara watakavyokubaliana. "Tunaweza kumhamisha arudi kwako kwenye orodha, baba. Ni haki yako. Lakini akirudi atangojea zamu ya Kibaha. Unasemaje?"

Nilikuwa nimesimama uwanjani, mashine ya tofali inanguruma. Mwanangu alikuwa ameweka kiganja juu ya bati lake, anasikiliza mtetemo kwa mkono, kama anavyopenda. Neno moja tu nilitakiwa kulisema. Nikamwambia binti asubiri, nikazima mashine, mtoto akanung'unika.

"Mwacheni hukohuko," nikasema.

Nilimpeleka mwenyewe. Hakulia, hakuniangalia nikiondoka. Alikuwa anazunguka ule ua akigusa nguzo, na shangazi yake nyuma akimfuata polepole bila kumshika. Nilirudi Visiga nikakuta nyumba iko kama nilivyoiacha. Hata kijiko kiko palepale. Watu husema upweke ni kukosa wa kuongea naye. Mimi wa kuongea naye sikuwa naye tangu mama yake afe. Nilichokosa sasa ni wa kunirudishia maneno yangu. Nasema saruji imepanda, inabaki hapohapo imepanda.

Huwa naenda kumwona. Yule mhudumu waliyemfundisha anafika kila wiki, kijana wa hukohuko, na wakati mwingine wageni huja naye wakakaa chini kwenye mkeka wakitazama anavyofanya, wakiandika wao kutoka kwake. Mwanangu amejifunza mambo. Sikujua kama angeweza. Mimi nilikuwa namfanyia kila kitu, na nilidhani huko ndiko kulea.

Majuzi waliitisha mkutano mwingine, Kisarawe mjini. Nchi nyingine nazo zilituma watu, maana wanataka mpango huu wauchukue waende nao kwao. Nilialikwa kama mtu mwingine yeyote. Nikajitayarisha, nikapanga cha kusema, na nguo nikanyoosha. Mwenye kipaza sauti akasema sasa tumsikie mzazi mmoja. Nikaanza kuinuka.

Wakamwita dada yangu.

Alisimama na khanga yake mabegani, akanitafuta kwa macho ukumbi mzima mpaka akanipata, nimeinama nusu, si nimekaa si nimesimama. Nikamfanyia ishara kwa kidevu: nenda. Akaenda mbele. Akasema mwanangu alikuwa hawezi kufunga vifungo, sasa anafunga mwenyewe, anaanzia cha chini anapandisha. Mkalimani akageuza, wageni wakaandika. Watu wakapiga makofi.

Nikakaa. Jirani yangu wa kiti, mwanamume wa Mlandizi nisiyemjua, akaniuliza, "Na wewe mzee una mtoto kwenye mpango?"

Nikamwambia nimemsindikiza dada yangu. Halafu nikapiga makofi, kwa nguvu, mpaka wa mbele wakageuka kuangalia ni nani.