Kitambaa Sakafuni

Fundi cherehani aliogopa mbwa tangu utotoni, alipong'atwa paja akiwa ametumwa chumvi. Kwa hiyo mumewe, dereva wa lori, alipoingia na mtoto wa mbwa ndani ya boksi la sabuni, mwanamke mzima alipanda juu ya kiti, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Wezi wameingia kwa jirani," mume alisema. "Huyu atatulinda."

"Atatulinda na nini? Hata kubweka hajui!"

"Atajua. Wewe mfundishe tu kujisaidia nje. Mimi nina safari."

Na kweli akasafiri. Wanaume wana kipaji cha kujua saa ya kuondoka.

Kumbeba mbwa, fundi hakuthubutu. Kila akimsogelea, alijikuta amerudi juu ya kiti. Akabuni njia ya mtu asiyetaka kugusa: kwa mpini wa ufagio alisukuma mabaki ya vitambaa hadi karibu na mlango, na yule mdogo alipokojoa juu yake, akampigia makofi kutoka kitini. "Hodari, baba! Hodari!" Akikojoa sakafu tupu, kimya. Vitambaa kwa fundi havikosekani. Mwanafunzi akalishika somo upesi kuliko mwalimu alivyolielewa.

Wifi yake, aliyekuwa anaolewa kesho yake, alichungulia dirishani akacheka.

"Wifi, huyo mbwa au mgeni wa hoteli? Kila akienda haja anatandikiwa!"

"Cheka tu. Njoo umbebe basi."

"Nichafuke? Mimi bibi harusi bwana!"

Gauni la harusi hiyo lilikuwa mikononi mwa fundi, na ndilo lililomkosesha usingizi. Mama mkwe alikuwa ametangaza mbele ya ukoo mzima kwamba kazi haitatoka nje ilhali "yule wetu anashona." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Tutaona." Tangu aolewe, fundi alikuwa akiishi chini ya hiyo "tutaona."

Likabaki pindo la mkia wa gauni, ule unaoburuzwa nyuma. Mkia wenyewe ulikuwa mrefu, meza haikufua dafu. Akapiga deki, akakausha sakafu, akalitandaza gauni jeupe pe, akabana pini mdomoni, akapiga magoti na kuanza.

Mtoto wa mbwa akatoka chini ya cherehani. Akanusa ukingo. Akapanda juu ya mkia wa gauni, akaanza kuzunguka taratibu, kama mtu anayechagua mahali pa kukaa.

Hapo ndipo fundi akaelewa. Somo la "nje" hakuwahi kulifundisha hata siku moja. Alichofundisha ni hiki: kitambaa kikiwa chini, kojoa, utashangiliwa. Na mwanafunzi alikuwa akimtazama, mkia unacheza, anasubiri makofi yake.

"Mm-mm!" alisema kwa mdomo uliojaa pini. Mbwa akachukulia ni sifa. Miguu ya nyuma ikaanza kukunjika.

"Hodi humu! Tumekuja kulichukua." Sauti ya mama mkwe.

Fundi akatema pini, akafumba macho, akanyoosha mikono kama anayeokota kaa la moto, akamnyakua. Alikuwa laini, mwepesi, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio kuliko wa fundi. Kisha kitu cha uvuguvugu kikamtiririka fundi kifuani hadi tumboni.

Mama mkwe na wifi wakaingia. Gauni sakafuni, halina hata doa. Fundi amejibana ukutani, amelowa, mbwa kifuani.

"Umelowa nini?"

"Jasho, mama."

Mama mkwe akavuta pua. Akamtazama mbwa, akalitazama gauni, akamtazama tena mkwewe. Akainama, akageuza pindo, akalipitisha kidole pole pole.

"Limenyooka," akasema. "Malizia. Huyo mpe wifi yako."

"Mimi?" Bibi harusi alikuwa tayari yuko juu ya kiti. "Mimi naogopa mbwa!"

"Basi mtoe mwenyewe," mama mkwe akamwambia fundi. "Mkia wa gauni nitaushika mimi. Sakafu ya nyumba hii siiamini."

Fundi akaokota kipande cha kitambaa, akatoka nacho uani, akakitandaza kwenye mchanga na kumweka mbwa juu yake. Alipodondosha matone yaliyobaki, fundi akampigia makofi, safari hii bila kupanda kiti.