Kona ya Belobaka

Komanda Assoumani aliapa kwamba hakuna kona. Aliapa kwa Kifaransa, akaapa kwa Kimalagasi, na alipoona bado wanamkodolea macho akaapa kwa Kingazidja cha mama yake wa Komoro, ambacho mle chumbani alikielewa binti yake peke yake. Alikuwa amerusha ndege kati ya Nosy Be na Mahajanga tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, na siku zote aliuendea uwanja wa Mahajanga moja kwa moja. Rubani anayezungukazunguka na mafuta ya wenyewe si rubani, ni mtalii.

"Baba," Nadjma alimwambia kwa upole, "angalia tena."

Kwenye kompyuta palikuwa na ramani ya pwani, na juu yake safari zake zote zilizonaswa na chombo cha ndani ya ndege, mistari myembamba ya buluu ikishuka kutoka Nosy Be. Ilipokaribia Mahajanga, badala ya kwenda uwanjani, yote ilikata kushoto, ikapita kando ya Belobaka, kule ambako barabara ya bara inauacha mji, ndipo ikarudi kwenye njia yake. Marubani wengine wa rika lake mistari yao ilikuwa imenyooka. Assoumani alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kona ilikuwa palepale.

Nadjma alikuwa amerudi kutoka Ufaransa mwaka uliopita akiwa na kampuni ndogo iliyokodi banda pembeni mwa uwanja wa Nosy Be. Mle walikuwa wakitengeneza akili bandia ya kuwasaidia marubani. Haikuwa ya kurusha ndege badala yao, hilo Nadjma alilirudia kwa kila aliyeuliza, na waliouliza walikuwa wengi. Ilikuwa ya kukaa nao, kusoma vipimo na hali ya hewa, na kuwanong'oneza ushauri masikioni. Ilifundishwa kwa safari za marubani wa zamani, na nyingi zilikuwa za Assoumani, maana hakuna aliyeipita njia ile kwa muda mrefu kama yeye. Mafundi waliipa jina la Jirani kwa sababu haikukosa la kusema juu ya jambo lolote.

Sasa Jirani alikuwa amewatia mashakani. Kila alipokaribia Mahajanga alimshauri rubani akate kona ile, na katikati ya kona alimshauri amkabidhi msaidizi wake usukani kwa muda mfupi, kisha auchukue tena. Ukimuuliza sababu, alijibu kwamba marubani wenye uzoefu hufanya hivyo. Mkaguzi wa ithibati, mtu mpole aliyevaa soksi nene katika joto la Nosy Be, alisema jibu hilo halimtoshi. Mashine iwe na akili itakavyo, lakini ili ipewe cheti cha kukaa na marubani wenye abiria nyuma yao, kila ushauri wake lazima uwe na sababu inayoweza kuchunguzwa. Angerudi mvua zikiisha. Kama sababu itakuwa haijapatikana, safari zote za Komanda Assoumani zifutwe.

Zikifutwa hizo, Jirani habakiwi na kitu kichwani. Banda litafungwa, na Nadjma atarudi Ufaransa. Mama yake Nadjma alikuwa amefariki, nyumba ya Tsaramandroso, mjini Mahajanga, ilikuwa na vyumba vinne na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameshazoea kusubiri simu ya binti yake kila Ijumaa baada ya sala. Kwa hiyo Assoumani hakuwa na utani na jambo hili. Alitaka sababu ipatikane, na kilichomkera ni kwamba walikuwa wakimwuliza yeye, ambaye hakuwa na habari.

Alianza kuulizia. Kwanza alimwuliza Kouraichia, mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi tangu hajui kufunga mkanda, na ambaye sasa alikuwa rubani mkuu.

"Kona ni ya upepo, Komanda," Kouraichia alisema bila kusita. "Mchana upepo wa bara unapiga vibaya pale."

"Nani alikwambia?"

"Wewe."

Assoumani hakukumbuka kumwambia hivyo. Alimwuliza Allaoui, mwanafunzi wake mwingine, naye akasema kona ni ya ndege wa jalalani wanaoingia kwenye injini. Fundi mmoja mzee alisema zamani kulikuwa na mahali pa wanajeshi ambapo hapakuruhusiwa kupita juu yake. Kila mmoja alikuwa na hakika na lake. Nadjma alichukua upepo akaupima, akachukua ndege wa jalalani akawapima, akatafuta hao wanajeshi kwenye ramani za zamani. Hakuambulia kitu.

Kuhusu kukabidhi usukani, wote waliofundishwa na Assoumani walisema ni kupumzisha mikono kabla ya kutua, na wote walifanya hivyo mpaka leo. Hilo lilimvuruga zaidi. Yeye alikuwa akimkabidhi mwenzake ili asome Fatiha kwa mikono miwili iliyofunguliwa, basi, kuomba salama ya kutua. Fatiha husomwa popote. Haihitaji kona.

"Labda nimezeeka," alimwambia Nadjma. "Labda mashine yenu inajua kitu nilichokisahau."

"Mashine haijui kitu, Baba. Inakuiga tu."

Siku ya safari ya majaribio walipanda ndege ndogo ya injini mbili asubuhi. Mbele alikaa Kouraichia na msaidizi wake, nyuma yao Nadjma na kompyuta yake, na Assoumani kwenye kiti cha kushoto, karibu kiasi cha kuona mikono ya Kouraichia. Wote walivaa vifaa vya masikioni ili wamsikie Jirani. Alizungumza Kifaransa safi, kwa sauti ya mwalimu asiyechoka. Aliwaonya juu ya wingu, akawashauri washuke kidogo, na Assoumani alijikuta akitikisa kichwa kukubali, maana hata yeye angesema vilevile. Ilimwingia hofu kidogo kusikia mawazo yake yakitoka kwa mtu ambaye si mtu.

Walipokaribia, Jirani alisema, "Kata kushoto." Kouraichia akakata kushoto. Muda mfupi baadaye Jirani akasema, "Mkabidhi mwenzako." Kouraichia akamwambia msaidizi wake, "Chukua," kisha akaiweka mikono yake mapajani. Viganja vilikuwa vimeelekea juu, vimefunguliwa. Midomo yake haikusema kitu. Kouraichia alikuwa ameichukua dua nzima isipokuwa maneno yake, na miaka yote alidhani anapumzisha mikono.

Assoumani aliangalia viganja vile, halafu akaangalia nje. Chini ya dirisha la kushoto, upande ambao rubani mkuu hukaa, ilikuwepo Belobaka.

Hapo akajua. Hakuwa amedanganya alipoapa. Mikono yake ndiyo iliyokuwa ikikata kona, safari baada ya safari, wala haikuwahi kumwomba ruhusa.

Baada ya kutua hakwenda nyumbani. Alimshika Nadjma mkono wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa uwanja, juu ya masanduku matupu.

"Nilikwambia babu yako Saindou, baba yangu, alikufa Ngazidja kwa homa," alisema. "Hakufika Ngazidja. Alikuwa fundi cherehani hapahapa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo. Ile Desemba ya sabini na sita watu walipoanza kutuua sisi Wakomoro, alitoka kwenda kumchukua shangazi yako kwa jirani. Shangazi yako alirudi. Yeye hakurudi. Sisi tulijificha kambini kwa askari, kisha tukapandishwa ndege. Watu wa Ngazidja walituita Sabena, jina la shirika la ndege lililotupeleka. Mimi nilikaa dirishani, nikatafuta chini mpaka mawingu yakafunga."

Nadjma aliifunga kompyuta yake, akaiweka mapajani.

"Na uliporudi kuishi hapa," alisema, "hukuuliza?"

"Nimwulize nani? Utanunuaje mkate kwa mtu huku ukimwuliza siku ile alikuwa wapi? Hakuna aliyelizungumza, na mimi sikulizungumza."

"Mama alijua?"

Mama yake Nadjma hakuwa Mkomoro. Watu wake walikuwa wa upande ule mwingine, na hilo Nadjma alilijua, ila hakuwahi kujua kwamba palikuwa na pande.

"Mama yako ndiye aliyenielekeza," alisema. "Alikuwa mtoto, nyumba yao ilikuwa kando ya barabara. Aliona lori likipita limebeba maiti, likaenda Belobaka, upande wa kushoto. Zaidi ya hapo hakuona. Aliniambia kabla hatujaoana, akasema kama nataka kuondoka niondoke. Sikuondoka."

Nadjma alilia, na baba yake hakujua afanye nini na mikono yake, kwa hiyo aliishika kompyuta yake isianguke.

Mkaguzi aliporudi, Nadjma aliandika kwamba kona na kukabidhi usukani ni desturi ya rubani mmoja, iliyorithiwa na wanafunzi wake, na haihusiani na usalama wa ndege. Alijua maneno hayo ni ya kweli, na aliyachukia. Mkaguzi aliridhika. Vitu viwili vile viliondolewa kwenye mafunzo ya Jirani, vingine vyote vikabaki, na kazi ikaendelea. Banda halikufungwa. Kouraichia alipoelezwa aliviangalia viganja vyake, kisha akamwomba Komanda amfundishe maneno pia.

Safari ya kwanza ya Jirani mpya Assoumani alikuwemo, kwenye kiti kilekile. Walipokaribia Mahajanga alijikuta amekaza mwili akisubiri. Jirani hakusema kitu. Ndege ilikwenda moja kwa moja kama ilivyopasa, na Belobaka ikabaki mbali chini ya ukungu, haionekani. Alifungua viganja, halafu hakujua aelekee wapi.

Nadjma alimwona.

"Baba, umewahi kwenda pale kwa miguu?"

Hakuwahi. Kutoka Tsaramandroso mpaka Belobaka ni mwendo mfupi wa teksi. Harusi za huko zilimpita, maziko ya huko yalimpita, hata shamba la huko la bei nzuri alilikataa. Miaka yote alikuwa amepita juu.

Walikwenda siku iliyofuata. Teksi iliwashusha kando ya barabara, Assoumani akasimama, akageuka huku na huku. Kwa juu angekuonyesha kwa kidole. Hapa chini palikuwa na nyumba za bati, kuta za matofali zisizomalizika, kamba za nguo, bomba la maji na foleni yake. Alitembea kidogo kushoto, akarudi, akaenda tena. Watu waliokuwa bombani walimsalimu, naye akasahau kuitikia.

"Sijui," alisema. "Nadjma, mimi sijui. Nilidhani nikifika nitajua."

Nadjma alitoa simu. Mistari ile ya buluu, iliyofutwa kwa Jirani, alikuwa ameihifadhi yeye. Aliikuza mpaka Belobaka ikajaa kioo. Haikuwa imepita ovyo. Yote, ya kiangazi na ya masika, ilikuwa imejipinda kuzunguka sehemu moja ndogo, wala haukuwapo mstari uliopita juu yake.

Alimshika baba yake mkono, wakapita nyuma ya nyumba mbili, mpaka kwenye kiwanja kitupu ambapo mwanamke mmoja alikuwa akianika mihogo kwenye mkeka.

"Ulikuwa unaangalia hapa," Nadjma alisema.

Yule mwanamke aliwauliza kwa Kimalagasi wanamtafuta nani. Nadjma ndiye aliyejibu.

"Babu yangu," alisema. "Tunaomba tukae kidogo."

Mwanamke aliwatazama, kisha akaukunja mkeka wake nusu, akausogeza kando kuwapa nafasi, wala hakuuliza tena. Assoumani alivua viatu.