Ngazi ya Tangi

Mji mzima ulimwita Mama Tone, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Akipita sokoni akaona bomba linadondosha, hasalimii mtu mpaka alifunge. Akialikwa kwa watu, huenda kwanza uani kusikiliza kama kuna panapovuja, ndipo arudi kuulizia habari za watoto. Wengine walimcheka, wengine walisema ana kiherehere. Lakini maji yalitoka kila asubuhi, na mtu aliyekwisha kupata maji hana muda mrefu wa kumsema anayeyaleta.

Kazi yake ilikuwa umeneja wa maji ya mji, na usidhani ni kazi ya kiti cha kuzunguka. Mtoni kulikuwa na pampu mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikitengenezwa, kisha zinabadilishana zamu ya kuugua. Maji yalichujwa, yakatiwa klorini, yakapandishwa kwenye tangi kubwa la zege kilimani, na kutoka huko yakashuka yenyewe hadi majumbani. Chini ya kilima palikuwa na ofisi ya vyumba viwili, na kioski cha maji kwa wale wasio na bomba kwao.

Meneja aliyemtangulia alimwachia desturi moja. Kabla kioski hakijafunguliwa, meneja hunywa glasi ya kwanza mbele ya watu. "Anayewapa watu maji ayanywe kwanza," mzee yule alikuwa akisema. Basi kila asubuhi Mama Tone alikinga glasi, akanywa yote, akaipindua watu waone haikubaki kitu. Muuza chai, ambaye alikuwa wa kwanza kwenye foleni na wa kwanza kwa maneno, alimkagua toka utosini hadi kwenye viatu, kisha akawageukia wenzake. "Bado anapumua," alisema. "Choteni." Watu walicheka na madumu yakaanza kugongana.

Ila palikuwa na jambo ambalo Mama Tone hakumwambia mtu. Aliogopa kupanda juu. Hata akisimama kwenye stuli kubadilisha taa, alishikilia ukuta kwa mkono mmoja. Na tangi lile lilikuwa na ngazi ya chuma iliyosimama wima ukutani mpaka kwenye mfuniko, na taratibu za kazi zilimtaka meneja apande mwenyewe kila asubuhi, afungue, atazame ndani. Miaka ya mwanzo alipanda huku akisema sala zote alizozijua. Siku moja ya mvua mguu uliteleza, akabaki ananing'inia kwa mikono, na tangu siku hiyo hakuikanyaga tena.

Kazi hiyo alimpa mlinzi wa tangi, mzee aliyevaa koti zito jua liwake mvua inyeshe, hata wakamwita Mzee Koti. "Huko juu kukoje, Mzee?" alimuuliza kila asubuhi. "Kuko safi, Meneja." Yakaisha hapo. Watu walipomuuliza Mama Tone mbona hapandi siku hizi, alisema ofisi haimpi nafasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani huikumbuka methali hiyo angali mzima?

Nyumbani, binti yake alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama. Mtoto alikuwa mchanga bado, na kwa kuwa maziwa ya mama yake yalikauka mapema, alinyweshwa ya unga kwa chupa. Kila alfajiri binti alisimama jikoni na chupa mkononi akauliza, "Maji ya leo yakoje, Mama?" Na Mama Tone, ambaye hata mlango wa nyumba hajautoka, alijibu huku akifunga kamba za viatu, "Mazuri, mwanangu."

Asubuhi ya mkasa huu alijibu hivyohivyo. Alifika kazini, akanywa glasi yake, akaipindua, muuza chai akasema la kwake, foleni ikaanza kusogea. Ndipo alipomwona fundi wa pampu anashuka kilimani na dumu mkononi, amelishika mbali na mwili wake.

"Meneja, hebu njoo huku pembeni."

Lilikuwa dumu la dawa ya kuua wadudu wa mashambani. Picha ya fuvu ilikuwa imechakaa ubavuni lakini bado ilionekana. Shingoni lilifungwa kamba ndefu, na kamba ilikuwa imelowa.

"Nimelikuta chini ya ngazi ya tangi," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Na mfuniko wa juu uko wazi."

"Mzee Koti yuko wapi?"

"Sijamwona. Nimeona koti lake tu, limetundikwa kwenye ngazi."

"Amevua koti?"

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona mzee yule bila koti. Mama Tone aliisikia ile glasi tumboni, imetulia palepale ilipofikia, akajaribu kukumbuka kama ilikuwa na ladha. Hakukumbuka. Miaka yote alikuwa akinywa bila kuonja.

"Nenda mtoni uzime pampu," alisema. "Ukipita, funga vali kuu."

"Mji mzima utakauka, Meneja."

"Ukauke."

Aliwarudia watu wa foleni. "Mwageni hayo mliyochota," aliwaambia. Wakaguna, mmoja akauliza kama leo ni siku ya mizaha. Alimwendea muuza chai, ambaye birika lake lilikuwa limeshaanza kuchemka. "Mwaga, dada. Tafadhali." Muuza chai alifungua mdomo atie neno, akauona uso wa meneja, akaufunga. Alilimwaga birika lote pale chini bila kusema kitu, na ule ukimya wake ndio uliowatia watu hofu kuliko maneno yoyote.

Mama Tone alipiga simu nyumbani. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akilini alimwona binti yake jikoni, chupa mkononi. Alikuwa akiyachemsha maji, ndiyo, lakini kuchemsha huua vijidudu, sumu hakuigusi. Alitaka kukimbia kwake, na miguu ilikwisha kugeuka, ila koti lile lilimrudisha. Kama mzee ameanguka tangini, kila dakika ni uhai wake. Akamtuma mhudumu wa kioski. "Kimbia kwangu. Mwambie binti yangu mtoto asipewe chochote. Chochote kabisa." Yeye akashika njia ya kilimani.

Koti lilikuwa pale, kwenye kidato cha chini. Aliita, "Mzee!" Kilimani kukawa kimya.

Alishika chuma. Kilikuwa na kutu, na kutu ikamwingia viganjani. Kidato cha kwanza, sawa. Kilichofuata, sawa. Alipofika pale ambapo miguu haiwezi tena kuruka chini salama, mwili wake wote ulikataa. Alikumbatia ngazi, shavu kwenye zege, akawa analia kama mtoto aliyepotea sokoni, huku akijiambia kwamba mzee anakunywa maji humo ndani, mzee anazama, na wewe umekumbatia chuma. Akapiga moyo konde akainua mguu. Hakupanda kwa ushujaa. Alipanda kwa sababu kubaki pale kulikuwa kumeanza kutisha zaidi.

Juu alilala kifudifudi, akajikokota mpaka kwenye mfuniko, akaingiza kichwa na tochi ya simu. "Mzee!" Sauti ilizunguka ndani ikamrudia. Maji yalikuwa meusi, kisha mwanga ulipozama yakawa meupe mpaka chini. Hapakuwa na mtu. Kipande cha mfuko wa saruji kilielea kwenye kona, na ukuta wa ndani ulikuwa na utelezi wa kijani uliokwisha kuota ndevu. Utelezi ule haukuota wiki ile wala mwezi ule.

"Meneja," sauti ilimwita kutoka chini, "unatafuta nini huko juu?"

Nusura aiachie simu. Mzee Koti alikuwa amesimama chini, ndani ya shati, mdogo kuliko alivyomfahamu siku zote.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, kwa kuwa mguu haukioni unachokitafuta. Alipokanyaga ardhi alikaa palepale kwenye majani.

"Nilidhani umo ndani," alisema.

"Nimeukuta mfuniko wazi," mzee alijibu. "Nikavua koti nipande niufunge. Magoti yakagoma. Nikaenda kuwatafuta waashi waje waufunge."

"Waashi gani?"

Mzee aliangalia chini. "Hawa wanaojenga hapo nyuma. Niliwapa ufunguo wa mfuniko wachote maji ya kuchanganyia saruji, kwa sharti wanitazamie ndani. Mimi sijapanda tangu mvua zile za mwanzo, mwanangu. Magoti hayataki."

"Na ulikuwa ukiniambia kuko safi."

"Wao ndio walikuwa wakiniambia. Mimi nikakuambia wewe."

"Kwa nini hukusema kwamba huwezi?"

"Ningesema, ungeniondoa kazini." Alichukua koti lake akalikunjua. "Halafu na wewe ulikuwa hupandi. Nikajua basi si jambo kubwa sana."

Mama Tone aliiogopa ngazi, akamtuma mzee. Mzee aliiogopa ngazi, akawatuma waashi. Waashi hawakuogopa kitu, na wala hawakujua watazame nini.

Msimamizi wa waashi alikuja akifuta mikono kwenye suruali. Dumu lao? Waliliokota jalalani.

"Tuliliosha, Mama."

"Mliliosha kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

"Maji yapi?"

Alinyoosha kidole kwenye tangi.

"Mmeanza kulitumia lini?"

"Tangu tuchimbe msingi." Mama Tone aligeuka akaitazama nyumba yao. Ilikuwa imefika kwenye madirisha.

Kwa hiyo haikuwa leo. Kila siku waliyopandisha tofali, dumu lile liliingia tangini, na kila siku hiyo yeye alikunywa glasi akaipindua, na watu wakacheka wakachota.

Alikimbia mpaka kwake. Mhudumu wa kioski alikuwa mlangoni, amefika, lakini alikuwa amechelewa. "Nilishampa chupa, Mama," binti alisema, mtoto begani. "Simu ilikuwa chumbani. Kisha ametapika." Mtoto yule alitapika karibu kila siku, watoto ndizo zao. Siku hiyo hakuna aliyeweza kuliona hivyo. Walimbeba mpaka hospitali, na njiani Mama Tone alihesabu pumzi zake kama mtu anayehesabu za mgonjwa mahututi.

Daktari alisema wabaki waangaliwe wote, bibi na mjukuu. Nje, gari la matangazo lilizunguka mitaani likiwaambia watu wasinywe wala wasipikie maji ya bomba. Benchi za hospitali zilijaa watu walioshika matumbo. Kuna walioumwa kweli na kuna walioumwa na tangazo, na yeye mwenyewe hakujua yuko kundi gani. Kila tumbo lilipomkata alimtazama mtoto kwanza.

"Mama," binti alisema, hakumwangalia. "Si nilikuuliza asubuhi? Ukasema mazuri."

"Nilisema."

"Ulikuwa umeyaona?"

Angeweza kusema mzee aliyaona, au waashi. "Hapana," alisema. "Naogopa ngazi. Sijayaona muda mrefu sana." Binti alimhamishia mtoto bega la pili, lile la mbali na mama yake. Hakumgombeza, na Mama Tone alitamani angemgombeza.

Usiku ule hakulala. Majibu ya maabara yalikuja kesho yake kwa simu, na alilazimika kumwomba mpimaji ayarudie. Sumu haikupatikana, si tangini, si kwenye mabomba. Dumu lilikuwa limekaa jalalani mvua nyingi kabla ya kuokotwa. Utelezi wa ukutani ulikuwa uchafu tu, uliohitaji brashi na mikono. Mtoto alikuwa amenyonya chupa mara mbili na kulala. Mama Tone alijifungia chooni hospitalini akalia mpaka akakaukiwa, kisha akanawa uso akatoka.

Wakubwa walimwita, wakamfokea, wakamwacha kazini kwa onyo. Tangi lilimwagwa lote, likasuguliwa, likatiwa dawa, likajazwa upya. Mzee Koti alihamishiwa lango la pampu, mahali pasipo na ngazi, na koti lake. Ufunguo wa kufuli jipya ulikuwa mmoja, na ulining'inia shingoni mwa meneja.

Asubuhi ya kufungua maji, watu walikwisha kujipanga kioskini walipomwona anapita bila kuwasalimu, anaelekea kilimani. Walimwona akipanda. Waliona anavyosimama katikati, anavyoikumbatia ngazi, anavyoanza tena. Hofu haikuwa imepungua hata chembe. Alifungua, akatazama mpaka akatosheka, akafunga, akateremka, akaja kunywa glasi yake. Alipoipindua, wote walimgeukia muuza chai. Muuza chai hakusema kitu. Alisogeza dumu lake chini ya bomba, taratibu.

Mama Tone alichota dumu dogo la kwake akalipeleka nyumbani. Binti alikuwa jikoni na maji ya dukani, yale ya chupa aliyokuwa akinunua tangu watoke hospitali. Mama Tone alimimina glasi, akainywa yote mbele yake, akaipindua.

"Hata siku ile ulikunywa, Mama," binti alisema.

Ilikuwa kweli. Mama Tone aliiweka glasi mezani, akanyoosha mikono yake, viganja juu. Vilikuwa vyekundu kwa kutu ya ngazi. Binti akakishika kimoja, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kutu ikamshika na yeye. Kisha akalivuta dumu la mama yake, akamimina maji kwenye sufuria, akawasha jiko kutayarisha chupa ya mtoto.