Zile Moja Saba Nilizoandika Harusini Sagana

Aibu yangu niliiandika mwenyewe kwa chaki, mbele ya harusi nzima, kwa hiyo sina wa kumsingizia.

Miaka hiyo, shule za harambee zikichipuka kila kilima, nilikuwa mpima majani ya chai huko Kangema, na jioni nilijifundisha hesabu kwa vitabu vya mitumba. Nilichopenda zaidi ni zile nambari ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe (vitabu huziita namba tasa, neno ambalo harusini niliamua kuliruka).

Wanjiru, binti ya kaka yangu, alikuwa anaolewa na Wafula, mwalimu kutoka Bungoma. Mama yake Wanjiru alikuwa amefariki, na aliyemlea ni dada yetu Nyambura. Nyambura hakuitaka ndoa hiyo. "Mtu ametoka mbali hivyo, watagawanyika tu," alisema, na hata asubuhi ya harusi hakuna aliyejua kama atawabariki. Kaka akaniomba nizungumze, nimlainishe.

Nikachagua 1,111,111, moja saba zilizosimama pamoja bila mgeni kati yao. Ili kuwa na hakika, ilinibidi niigawanye kwa kila namba tasa mpaka kupita elfu moja. Siku ya harusi ilinikuta nimefika 233 na bado ilikuwa imekataa zote, nikajiambia kwamba nambari iliyokataa zote hizo haiwezi kukubali nyingine. Uamuzi huo mdogo ndio ulionimaliza.

Sherehe ilikuwa katika uwanja wa shule, na ubao ulikuwa umetolewa nje kwa ajili ya ratiba. Nikafuta ratiba, nikaandika zile moja, nikasema ndoa hii ni kama nambari hii, hakuna atakayeigawanya. Watu wakapiga makofi, hata Nyambura akaanza kulegeza uso, na mtu mwenye akili angeketi hapo hapo, lakini mimi nikauliza, "Kuna anayebisha?"

Mwalimu mmoja, rafiki ya Wafula, akainua mkono polepole. "Mzee, umejaribu mpaka wapi?"

"Mia mbili thelathini na tatu."

"Na inayofuata?"

"Mia mbili thelathini na tisa."

"Hebu fanya hiyo, tuone tu."

Nikaanza kugawanya, nikishuka mstari kwa mstari, mpaka ikabaki 2,151, na hapo nikajua nimekwisha, kwa sababu 239 mara tisa ni 2,151 kamili. Nilifikiria kuandika nane ili kibaki kitu (Mungu anisamehe), lakini mwalimu alikuwa anatazama. Nikaandika tisa. Chini yake, sifuri.

"Ati imegawanyika?" Nyambura akauliza.

"Imegawanyika. Ni 239 mara 4,649."

Kaka alinitazama kama mtu anayetafuta fimbo. Wanjiru akainamisha kichwa.

"Na hiyo kubwa," Nyambura akaendelea, "nayo inagawanyika?"

"Sijui. Sijaijaribu."

"Hiyo 'sijui' ungeileta mapema!" Watu wakaangua kicheko. Akamgeukia bwana harusi. "Na wewe, mwalimu, uko na hakika hamtaachana?"

Wafula akautazama ubao. "Mama, saa hii naogopa hata kuapa. Lakini nitajaribu kila siku."

"Tata," Wanjiru akamwambia shangazi yake, "hata jana tuligombana juu ya viatu vyake. Akaenda. Halafu akarudi."

"Alirudi na hivyo viatu?"

"Alirudi na vingine."

Nyambura akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu posa. Akasimama, akakaza leso. "Sogeeni niwaombee. Na mtu amnyang'anye huyu chaki."

Nikanyang'anywa. Tangu siku hiyo sisemi lolote juu ya nambari ambayo mkono wangu haujaimaliza, na nikiisha kuimaliza narudia tena. Harusini nikiombwa kusema neno, nasema chakula ni kitamu, tena nikiwa nimeshakula.