Asubuhi Domitila Alipouawa

Yolima Echeverri ndiye aliyetunza seva za kliniki yetu kule Manizales, mji wa milimani. Chumba cha nyuma ya maabara kilikuwa na seva mbili kubwa, na ndani ya kila moja zilifanya kazi kompyuta pepe kadhaa, yaani kompyuta zisizo na umbo lake zenyewe: hii ya miadi, hii ya picha za eksirei, hii ya majibu ya damu. Wengine wangezisimamia kwa kubofya vipicha kwenye kioo. Yolima alifungua dirisha jeusi la maandishi, akaandika amri yake kwa vidole viwili, akangoja jibu huku akitafuna arepa, mkate wa mahindi. Na kwa kuwa alilelewa na dada za baba yake, kila kompyuta pepe aliipa jina la shangazi mmoja. Ile ya damu ilikuwa Domitila, maana shangazi Domitila hasahau kitu.

Jumamosi moja asubuhi kiyoyozi cha chumba kile kilikufa. Yolima alikuwa saluni, kichwa kimepakwa rangi. Duván, fundi wa maabara, alimpigia simu akiwa amesimama mapokezi, watu wamejaa, nami niko mezani pangu naandikisha wagonjwa.

"Dada Yoli, njoo haraka! Domitila hajibu! Joto limempanda vibaya!"

Mama mmoja kwenye foleni, wa mtaa mmoja na akina Echeverri, alijishika mdomo akatoka nje na simu. Nilidhani amechoka kungoja.

Yolima alifika na taulo kichwani, rangi ikimchuruzika shingoni. Mle chumbani hamkukalika kwa joto, basi akaniondoa kitini kwangu.

"Nipishe, mpenzi."

Akaiuliza seva iliyochemka inabeba nani, ikamtajia. Akaanza kuwahamishia seva ya pili, mmoja baada ya mwingine, huku wakiendelea na kazi. Daktari aliyekuwa akitazama eksirei hakujua kabisa kwamba picha zake zimehama nyumba. Domitila peke yake aliganda.

"Huyu hatoki kwa hiari," Yolima alisema. "Namuua."

"Unamuua?" Duván alitoa macho.

"Ndivyo amri yenyewe inavyoitwa, bwana wee. Diski yake iko kwenye ghala linalotumiwa na seva zote mbili. Namuua huku, namwamsha kule."

Akaandika. Kisha akaandika tena, akasogeza uso karibu na kioo, akinong'ona, "Amka, shangazi. Amka, mama." Mistari ikaanza kuteremka. Kutoka maabara tukasikia makofi: majibu ya damu yamerudi. Yolima akaizima ile seva iliyochemka, akashusha pumzi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, wakaingia binamu zake, kumbe walipigiwa simu na yule mama wa foleni, na maua meupe, na mjomba mmoja analia kwa sauti. Nyuma yao, akihema kwa kupanda mlima, alikuja shangazi Domitila mwenyewe.

"Nani kaniua?"



"Mimi, shangazi," alisema Yolima.

"Na kichwa hicho vipi?"

Yolima alimweleza yote, akicheka na kulia kwa pamoja. Bibi alisikiliza, uso umekunjamana.

"Kwa hiyo humo ndani mimi nafanya kazi gani?"

"Unatunza majibu ya damu ya wagonjwa wote, shangazi."

"Na Edelmira?" Huyo ni mdogo wake.

"Anapanga miadi."

"Miadi tu?" Domitila alijiweka shali sawa. "Hebu nionyeshe nilipo."

Yolima akaandika amri fupi. Likatokea jina lake, na pembeni yake neno la kusema yuko kazini. Bibi akaomba kiti. Tulimletea aguapanela ya moto, kinywaji cha sukari guru, na mjomba alipoanza tena kusimulia alivyoshtuka, akamnyooshea kidole.

"Nyamaza wewe. Huoni niko kazini?"