Nyoka wa Uani kwa Kwandu

Kwandu si mtu wa kujishusha, na sioni kwa nini mimi nimshushe. Fika kijijini kwao, kando ya barabara iendayo Nyakanazi, uulize nani ana mahindi yasiyoguswa na panya mpaka msimu unaofuata. Utaelekezwa kwake bila kusita. Ukimuuliza mwenyewe anafanyaje, atakutazama juu mpaka chini, kisha atakwambia, "Nina askari."

Askari wenyewe ni nyoka. Usikimbie kwanza!

Baba yake, kule Shinyanga, alikuwa wa chama cha Bayeye, wale Wasukuma wanaocheza ngoma wakiwa na nyoka mikononi. Kwandu alikula ugali wa utoto wake huku vikapu vya nyoka vimepangwa ukutani, na hakuona ajabu yoyote. Alipohamia Biharamulo na marehemu mumewe wakiswaga ng'ombe wao, ujuzi wa baba alikuja nao. Ghalani kwake anaishi nyoka wa nyumba, yule wa kahawia, mwenye mstari mweupe kila upande wa kichwa, unaopita jichoni. Huyo hana sumu, na kazi yake ni panya. Kwenye banda la kuku hupita nyoka wa mayai, mwembamba, mwenye madoa yanayomfanya afanane na kifutu, yule mnene wa sumu kali, lakini hana hata meno ya maana. Humeza yai zima, akalivunjia kooni, akatema ganda na kwenda zake. Kwandu humwachia. "Naye ale," husema, "mbona wachungaji wakija mnawachinjia kuku mzima?"

Majirani walimwita mchawi. Esperansia, wa nyumba inayofuata, alimwita hivyo mbele ya watu kisimani. Kwandu akashika kiuno. "Ningekuwa mchawi, dada, ungeniona nahangaika na jembe juani?" Watu wakacheka, na Esperansia akabeba ndoo yake na kinyongo chake akaenda nyumbani.

Maneno ya kisimani hayakumkosesha Kwandu usingizi. Aliyemkosesha usingizi ni Diane.

Diane ni mke wa mwanawe, Jeremia, fundi wa matairi pale Nyakanazi. Alitoka Nyamiaga, upande wa Ngara, katika familia iliyokuja kutoka Burundi, watu wa kanisa hasa, ambao kwao nyoka ni shetani aliyekosa miguu tu. Siku alipomwona wa kahawia akiteleza juu ya boriti, binti wa watu alipanda mezani na viatu vyake, akalia kwa Kirundi, akamwomba Jeremia amrudishe kwao. Kwandu alitamani kucheka, akajizuia. Kesho yake asubuhi alimshika mkono, akampeleka ghalani, wakasimama mbali. "Leo tazama kichwa tu," alimwambia. Siku nyingine wakatazama mkia. Siku nyingine hawakutazama kitu, walisikiliza tu. Nyoka wa mayai akitishwa hujikunjakunja na kusugua magamba yake, na mlio wake ni kama mchanga unaokaangwa. Kifutu hana mchezo huo. Huyo huvuta pumzi akavimba, kisha akaitoa.

Diane alijifunza polepole, kwa shingo upande, halafu kwa hamu. Ilifika mahali wa kahawia akipita uani, yeye husogeza beseni la vyombo apite, akaendelea kuosha. Kwandu alimwona akifanya hivyo mara ya kwanza, akaingia ndani haraka asionekane anavyotabasamu.

Kisha Diane akajifungua mtoto wa kike, na Esperansia akapata la kufanya. Alimtafuta Nimpaye, mama yake Diane, kwa simu. "Mjukuu wako analala na majoka," alimwambia. "Mimi nisingenyamaza."

Nimpaye hakunyamaza. Kwao mzazi hupelekewa chakula, wenyewe huita kuhemba, kwa hiyo sababu ya safari alikuwa nayo. Lakini alikuwa ameshamwambia Diane afungashe nguo. Diane alimweleza mama mkwe wake bila kumficha. Kwandu alijua mambo hayo yanavyokwenda. Binti huenda kupumzika kidogo, kupumzika kukawa kukaa, mume akamfuata mkewe, na uani akabaki bibi kizee na kuku wake. Kwandu alikuwa amemzika mume. Hakutaka kubaki tena na nyumba kimya.

Nimpaye alifika mchana, kitambaa safi kichwani, na unga wa mtama, maharage na mkungu wa ndizi juu ya bodaboda.

"Karibu, mkwe."

"Asante, mkwe. Amani iwe hapa."

Akaketi mlangoni, miguu kaiweka juu ya kigoda, isiguse chini. Alimpakata mjukuu, akamshukuru Mungu, akanywa uji, halafu akasema wazi, "Sitakuficha, mkwe. Nimekuja kumchukua binti yangu. Hapa si mahali pa kulea mtoto."

Wee! Kwandu alitamani kujibu kwa ulimi wake wa kawaida, akaumeza. Akakumbuka alivyolelewa. Kwa Bayeye nyoka haelezwi kwa maneno, huonyeshwa, tena kwa mkono mtupu, na mgeni mkubwa ndiye wa kuonyeshwa kabisa. Akawaza, mama huyu akimwona nyoka wa mayai ametulia kiganjani kwangu, yataisha. Na kama aliyeagizwa, tetea akapiga kelele bandani.

Kwandu akaenda mbio, akachungulia kwenye kiota. Ndani ya majani makavu aliona mgongo wenye madoa umejikunja. Furaha ikampanda kichwani. "Huyu hapa wa mayai! Mkwe, njoo umwone asiyekuwa na meno!" Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa ghalani, na hakuiona haja. Akakunja mkono wa gauni, akainama.

Majani yakatoa mlio.

"Mama, toa mkono!"

Ilikuwa sauti ya Diane, na ilikuwa ya kufoka. Alikuwa amemfuata, amesimama nyuma yake mlangoni pa banda. Kwandu akageuka, mkono ungali juu ya kiota, macho yamemtoka. "Unanifokea mimi?"

"Toa mkono, mama! Huyo anapumua. Sikiliza! Wa mayai hujisugua, huyo anapumua. Na mayai yote yapo, hajagusa hata moja."

Kwandu akasikiliza. Haaa, ikatoka pumzi ndefu, nzito, ya mnyama mnene. Akaurudisha mkono wake kifuani taratibu, akarudi nyuma hatua kwa hatua.

Diane akaleta fimbo, akafunua majani kwa ncha akiwa mbali. Kichwa kilikuwa kipana kama upawa, mwili umenenepa, mkia mfupi. Kifutu, tena mkubwa. Nimpaye alipiga yowe moja tu kule mlangoni, akamkumbatia mtoto.

Wa sumu hafugwi uani, hilo nalo Kwandu alifundishwa. Alimwinua kwa fimbo yenye ndoano, akamtumbukiza kwenye ndoo, Diane akafunika, wakampeleka mbali porini, kwenye mawe ambako hakuna njia ya watu.

Mtu mwingine angerudi kwa aibu, ajifungie ndani. Kwandu? Alifika uani, akasimama karibu na ua, akapaza sauti. "Esperansia! Najua unasikia! Mke wa mwanangu kanizuia mkono usiliwe na kifutu! Mimi, binti wa Bayeye, nimepitwa sikio na mtoto wa Nyamiaga! Nenda kawatangazie na hilo!" Na machozi yakawa yanamtoka, wala hakuyafuta. Yalikuwa machozi ya kuona fahari, na alitaka yaonekane.

Nimpaye alikuwa ameshusha miguu kutoka kwenye kigoda. Alimtazama binti yake kama anayemtafuta yule aliyemlea.

"Ulijuaje?"

"Mama alinifundisha," Diane alijibu, akimwonyesha Kwandu kwa kidevu.

Nimpaye akasema, "Kwetu vifutu wamo migombani. Tunapiga kila kinachotambaa. Mwaka juzi kaka yangu Nduwayo aliumwa na mmoja akimkimbiza kwa jembe, na mpaka leo mguu haujanyooka. Hakuna hata mmoja wetu anayejua yupi ni yupi." Akamrudishia Diane mtoto. "Hizo nguo ulizofungasha, zifungue."

Akatoa simu, akampigia mumewe, Hategekimana, ambaye angewasubiri stendi. Na wao husemezana Kirundi siku zote, lakini safari hii aliongea Kiswahili, tena kwa sauti, kila mtu asikie. "Baba Diane, narudi peke yangu. Hapana, hawajambo. Kumwokoa? Nani aokolewe? Mwanao ndiye anayewaokoa wazee wa huku!"

Kumwita Kwandu mzee wa kuokolewa, uani kwake mwenyewe! Jeremia angekuwepo angejificha. Diane akainamisha kichwa, akisubiri radi.

Kwandu akaisogelea simu, akainama mpaka mdomo ukakaribia kuigusa.

"Ni kweli, mkwe!" akapiga kelele. "Kaniokoa!"