Maneno ya Baba Mudogo Ukutani

Mwalimu wetu wa darasa la tano, hapa Uvira kando ya ziwa, alikuwa na sheria moja katika redaksiyo, somo la insha: neno ambalo si lako, andika ni la nani na ulilisikia wapi. "Ukichukua sentensi ya muntu bila kumutaja, umemungʼolea muhogo," alituambia. Nakumbuka hivyo. Pengine alisema mahindi.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Waasi walikuwa hawajaingia mjini bado, lakini habari zao zilikuwa zikishuka kila siku kutoka uwanda wa Ruzizi: kwamba wananyunyiziwa maji ya dawa, na risasi ikiwagusa inageuka maji. Mwalimu akatupa kazi ya kuandika habari zinazozungumzwa nyumbani. Mimi sikuwa na la kwangu. Nikachukua la baba mudogo, mdogo wake marehemu baba, aliyekuwa akipima pamba Luvungi na kuja kwetu kila Jumapili. Nikafuata sheria yote: "Baba mudogo wangu, mupima pamba, alisema jikoni kwetu kisha kutoka misa: kama maji ingekuwa inakataza muntu kufa, sisi wa Uvira hatungezika muntu, sababu ziwa lote hili ni letu."

Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Alinipa pointi nyingi, akaibandika karatasi ukutani kwa uji wa unga wa muhogo. Nilijiona mkubwa.

Halafu waasi wakafika. Sitaandika kwamba wote walikuwa wabaya; mmoja alimtwika mama yangu ndoo yake vizuri kabisa, akaenda zake. Lakini barabara ya Bukavu ilifungwa, mitumbwi ikakatazwa kutoka, na nyuma yetu ni mlima, nao ulikuwa na walinzi. Baba mudogo alikuwa amekuja Jumapili kama kawaida. Hakuweza kurudi Luvungi. Alikaa ndani kwetu, maana wanaume walikuwa wakichukuliwa kubeba mizigo, mchana anakohoa kwenye nguo ili majirani wasisikie sauti ya mwanaume. Mimi kila nilipomtazama niliiona ile karatasi.

Siku moja tukaitwa wote, pamoja na mwalimu, kufagia shule, maana komanda wao alitaka kufanyia mkutano darasani mwetu. Nilikimbilia ukuta. Mende walikuwa wamekula uji pembeni, wamekula na jina langu pamoja. Katikati palikuwa pameshika kama saruji. Nilikwaruza kwa ukucha. Sijui kama ningebandua hata ningepewa siku nzima.

"Acha," sauti ikasema nyuma yangu. "Nisome kwanza."

Alikuwa komanda mwenyewe, kijana, na alisoma vizuri, kwa sauti, akipumzika penye nukta. Mtoto mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Aliyeandika haiko na jina," komanda akasema. "Lakini musemaji iko hapa wazi. Mupima pamba. Nani kati yenu iko na baba mudogo mupima pamba?"

Darasa zima lilijua. Hakuna aliyenitazama, na hilo sijalisahau. Nikainua kidole, kama tulivyofundishwa. Sikujua nitasema nini. Mpaka leo sijui kama nilitaka kusema ukweli au kuomba kutoka nje.

"Teremusha kidole," mwalimu akasema. "Sijakupa neno." Akamgeukia komanda. "Kamarade, hiyo si ya mutoto. Ni minye nilisema. Nilitunga mufano, niwaonyeshe namna ya kuandika maneno ya muntu mwingine. Huyo baba mudogo haiko."

"Weye ndiye ulisema dawa yetu ni maji ya ziwa?"

"Ni minye."

"Mwalimu muzima!"

"Mwalimu muzima, kamarade."

Wakamchukua. Kwa haki, hawakumpiga mbele yetu. Chaki aliyoiokota tukifagia ilikuwa bado mkononi mwake. Komanda aliipokea, akaiweka taratibu kwenye ukingo wa tablo, ubao wa darasa.

Nilipofika nyumbani na kusimulia, baba mudogo alivaa viatu. "Mudomo ni wangu," alisema. Mama akasimama mlangoni. "Ukienda, watakuwa wawili. Yule hawatamurudisha." Alivua viatu. Baadaye akavivaa tena. Mama hakutoka mlangoni mpaka giza, na mimi sikumsaidia yeyote.

Juu ya mwalimu naandika ninachojua tu. Mwanamke muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliniambia alikufa akibeba masanduku ya risasi karibu na Lubarika. Yeye alisikia kwa mume wake. Mtu mwingine, kutoka Mutarule, aliapa kwamba alimwona ngʼambo, Burundi, akifundisha. Mimi sikuona.

Jeshi la serikali liliporudi, nalo liliuliza nani alisema nini, na watu walichukuliwa vilevile. Baba mudogo alipona pande zote mbili, akazeeka. Kwenye harusi watu walimwomba: "Baba, tuambie ile ya ziwa." Alikuwa anaweka glasi chini kwanza.

"Mwalimu mmoja wa hapa alisema," alikuwa akianza.

Mara moja nilimwambia pembeni, "Lakini baba mudogo, ile ni yako. Niliisikia jikoni kwetu."

"Ilikuwa yangu," akajibu. "Yeye aliilipia."

Hapa nimewaandika wote wawili. Sijui mwalimu angenipa pointi ngapi.